Ukarabati wa Nyumba Nzega: Tuanze na Maji, Rangi Isubiri

Ukipita mitaa ya Nzega mwezi wa Agosti, hukosi nyumba inayokarabatiwa. Mpunga umeshauzwa, mwenye ng'ombe amepeleka mnadani, na mtoto aliyeko Mwanza au Dar es Salaam ametuma fedha ili nyumba ya wazazi ipendeze. Fedha hiyo karibu yote huishia kwenye sura ya nyumba: lipu ya saruji, rangi, vigae, dari ya jipsamu, madirisha ya alminiamu. Masika mawili baadaye lipu imevimba, rangi imebanduka kuanzia chini hadi usawa wa goti, na ufa uliozibwa umerudi palepale. Lawama anabebeshwa fundi, na mara nyingi anaonewa. Kosa lilifanyika siku ya kupanga bajeti, pale ambapo hakuna aliyeuliza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi.

Nyumba nyingi za zamani za wilaya hii zimejengwa kwa tofali mbichi, au za kuchoma zilizolazwa kwa tope. Watu huzionea haya, wakidhani ukuta wa udongo ni ukuta wa mtu asiye na uwezo. Historia ya mkoa wetu wa Tabora inasema vingine. Kule Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, wafanyabiashara wa njia ya misafara walijenga tembe zenye kuta nene za udongo, na katika mojawapo mmisionari David Livingstone alikaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi ambao mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Nyumba hizo zilihifadhi pembe za ndovu, vitambaa na watu kwa miaka mingi. Ukuta wa udongo mkavu hubeba paa lake bila taabu. Adui yake ni maji, na wazee walilijua hilo vizuri. Msonge wa Kinyamwezi ulishusha nyasi za paa mbali nje ya ukuta, hadi karibu na ardhi, mvua isiuguse kabisa. Tembe nayo ilitengenezwa kila kiangazi: paa likaongezwa udongo, kuta zikakandikwa upya. Matengenezo yalikuwa kazi ya kila mwaka, sawa na kulima.

Sasa tazama tunachofanya leo. Tunauchukua ukuta huohuo na kuuvika lipu ngumu ya saruji, nje na ndani, tukiamini tumeulinda. Saruji na udongo havina mwenendo mmoja. Udongo hunyonya unyevu kidogo, ukavimba; jua likiwaka hukauka na kusinyaa. Lipu ya saruji haiwezi kufuata mwendo huo, kwa hiyo hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua huingia kwa nyufa hizo, na unyevu mwingine hupanda kutoka ardhini kupitia msingi. Zamani unyevu huo ungetoka wenyewe kwa upepo wa kiangazi. Sasa umefungiwa.

Gonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole, ukianzia chini. Panapotoa sauti ya uwazi, lipu imeshaachana na ukuta. Mwambie fundi akate kipande cha upana wa kiganja hapo usawa wa goti. Utakuta tofali lililokuwa gumu limekuwa laini kiasi cha kuchimbika kwa kijiko, na nyuma ya lipu mchwa wamejijengea njia hadi kwenye mbao za paa, gizani, bila mtu kuwaona. Wapo wanaopigilia kwanza wavu wa kuku ili lipu ishike. Wavu unaishikilia lipu kweli, lakini haumzuii mchwa wala hauondoi unyevu. Unachelewesha tu siku ya kugundua.

Hili halikutupata sisi peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la New Mexico, kuna kanisa maarufu la udongo la San Francisco de Asís, mjini Ranchos de Taos. Mwaka 1967 waumini walilipiga lipu ya saruji ili wapumzike na kazi ya kulikandika kila mara. Baada ya miaka kama 12 ikaonekana kuta zinaoza ndani kwa ndani. Saruji ikabanduliwa yote, na hadi leo waumini hukusanyika kulikandika kwa udongo kwa mikono yao. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wataalamu wa hifadhi wamekuwa wakisisitiza kwamba kuta zile zitengenezwe kwa chokaa hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo: ukuta laini unahitaji lipu laini kuliko wenyewe.

Kwa nyumba ya tofali mbichi, basi, lipu inayofaa ni ya udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Wengine huongeza samadi ya ng'ombe, na inasaidia. Anayetaka ukuta mweupe unaodumu zaidi atumie chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga safi. Kwa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa tope, mchanganyiko wa saruji moja, chokaa moja na mchanga sita unatosha kabisa. Mafundi wengine watakucheka, kwa kuwa wamezoea kwamba saruji nyingi ndiyo kazi nzuri. Sikubaliani nao, na ningependa vyuo vyetu vya ufundi vilifundishe jambo hili kwa uzito wake, maana nyumba za udongo bado zipo nasi na zitaendelea kuwapo.

Lakini hata lipu iliyo sahihi haitaokoa ukuta unaomwagiwa maji miguuni. Piga hesabu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua moja kubwa ya milimita 40, ni lita 4,000: madumu 200 ya lita 20, yote yakianguka sentimita chache kutoka kwenye msingi. Ndiyo maana shilingi ya kwanza ya ukarabati iende kwenye paa na mazingira yake. Angalia misumari iliyolegea na kofia ya bati iliyoinuka. Paa lijitokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60, na zaidi upande ule mvua inakopigia. Ardhi inayozunguka nyumba iteremke kwenda mbali na ukuta, na pawe na mfereji wa kuyapeleka maji hadi mwisho wa kiwanja, au mabomba ya kuyakusanya kwenye tangi. Ukinunua bati jipya, kumbuka kwamba namba ya geji ikiwa ndogo bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni jepesi kuliko zote hizo. Rangi nzuri ya bati haikuambii lolote kuhusu unene wake.

Hapa lazima niseme juu ya paa la kuficha. Ni mtindo wa siku hizi: kuta zinapandishwa juu ya usawa wa bati ili nyumba ionekane kama boksi. Nyumba mpya iliyosanifiwa hivyo tangu mwanzo, yenye lenta imara na mifereji mipana, inaweza kuwa sawa. Kuligeuza paa la zamani la mgongo liwe la kuficha, juu ya kuta za tofali mbichi, ni hatari. Unaongeza uzito juu ya ukuta ambao haukujengewa kuubeba, unaondoa ule upenu ulioukinga, kisha unayaleta maji yote kwenye mfereji uliokaa juu ya ukuta wenyewe. Nzega ina miezi ya vumbi kuanzia Juni. Vumbi hilo na majani hutulia kwenye mfereji, na mvua ya kwanza ya Novemba huyasukuma yote hadi kwenye tundu la bomba na kuliziba. Maji yakikosa njia hushukia ndani, juu ya dari ya jipsamu.

Jambo la pili kwa uzito ni ardhi yenyewe. Wakulima wa huku hawakungoja mtaalamu awaambie kwamba udongo hubadilika ukishuka kutoka kilimani hadi bondeni. Juu kuna luseni, ule wa kichanga, na chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi. Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyezunguka Tanganyika katika miaka ya 1930, aliueleza mpangilio huo kitaalamu, na maelezo yake yanafundishwa duniani kote. Kwa mwenye nyumba, maana yake ni hii: mbuga huvimba sana ikilowa na hupasuka ikikauka, nyufa zake zikawa pana hata mkono unaingia. Nyumba iliyokaa juu yake hupanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Ufa wake unaujua kwa kuutazama: huanzia pembe ya dirisha ukapanda kwa ngazi, ukifuata viungo vya tofali.

Usiuzibe ufa huo mara moja. Chukua penseli, weka alama pale unapoishia, andika tarehe, kisha uache masika moja na kiangazi kimoja vipite. Ufa ambao haukusogea unaweza kuzibwa na kupakwa rangi. Ukiwa unafunguka na kujifunga, tatizo liko chini, na dawa yake ni kuuzuia unyevu wa ardhi usipande na kushuka: mfereji, shimo la choo kuhamishwa mbali na msingi, bustani ya kumwagilia isikae ukutani. Ukiwa unazidi kupanuka tu, mwite mhandisi wa halmashauri kabla ya kununua mfuko wowote wa saruji.

Kupanua madirisha ili yaenee ya alminiamu, au kubomoa ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia, ni kazi inayofanywa kwa wepesi wa kutisha. Nyumba nyingi za zamani hazina lenta. Ukitoa tofali bila kuegemeza paa kwa mirunda na kumwaga lenta yenye nondo kwanza, umeliacha paa hewani. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa na kupasua nyumba nyingi mno, na kuta za tofali zisizofungwa pamoja juu ndizo hushindwa mapema katika mtikisiko wa namna ile. Badiliko la aina hii linahitaji pia kibali cha ujenzi. Nyaya za umeme nazo zibadilishwe wakati huu ukuta ukiwa wazi, na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kuna kosa jipya ambalo limekuja na neema. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Nzega, na kila familia inataka choo na bafu ndani. Ni haki yao, hasa kwa wazazi wazee ambao hawapaswi tena kutoka nje usiku. Lakini bomba likifukiwa ndani ya ukuta wa tofali mbichi na kiungo kimoja kikavuja, ukuta utalowa kwa miezi kabla mtu hajagundua. Njia salama ni kujenga chumba cha bafu kwa tofali za saruji kikiwa na msingi wake, kikiegemea nyumba bila kufungamana nayo, na mlango ukatobolewa ukutani chini ya lenta. Mabomba yapite juu ya uso wa ukuta, yakionekana. Baada ya kuyaunganisha, fungia maji humo usiku kucha na usome mita jioni na asubuhi, kabla fundi wa vigae hajaanza kazi.