Kubisha Hodi Maabara: Kuomba Nafasi ya Utafiti Wakati wa Likizo

Mwaka 1955, kijana wa sekondari aitwaye David Baltimore alikwenda kukaa likizo yake ya kiangazi katika Maabara ya Jackson, mjini Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Maabara hiyo hufuga panya kwa ajili ya utafiti wa urithi na magonjwa kama saratani, na imekuwa ikipokea wanafunzi wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1920. Huko alimkuta Howard Temin, mkubwa wake kwa miaka michache, ambaye naye alianza kufika hapo akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1970, kila mmoja akiwa katika maabara yake, waligundua kimeng'enya kinachoviwezesha baadhi ya virusi kunakili RNA kuwa DNA, jambo ambalo wanabaiolojia wengi waliamini haliwezekani. Mwaka 1975 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Renato Dulbecco.

Ugunduzi huo haukuishia maabarani. VVU ni mojawapo ya virusi vyenye kimeng'enya hicho. Kidonge cha kila siku kinachomezwa na watu wengi wanaoishi na VVU Tanzania na Kenya kina dawa tatu, na mbili kati yake, tenofovir na lamivudine, kazi yake ni kukizuia kimeng'enya hicho hicho. Likizo moja haikuleta dawa hizo. Ilichofanya ni kumpa kijana nafasi ya kuiona baiolojia ikifanywa na watu, siyo ikisomwa kwenye kitabu tu. Nafasi za namna hiyo bado zipo, na huombwa.

Nyingi ziko Marekani, ambako likizo ndefu huanza Juni na kuisha Agosti. Research Science Institute, iliyoanza mwaka 1984, huwakusanya wanafunzi kwa wiki sita katika chuo cha MIT. Mwanafunzi halipi ada wala malazi, nauli ndiyo juu yake, na wa nje ya Marekani huchukuliwa pia. Summer Science Program ilianza California mwaka 1959. Kazi yake ya jadi ni kuzipiga picha asteroidi, yaani miamba inayozunguka jua, kwa darubini, kisha wanafunzi, katika vikundi vidogo, hukokotoa wenyewe njia ya asteroidi waliyoifuatilia. Zipo nyingine, hasa zinazolipiwa na serikali kama za Taasisi za Kitaifa za Afya (NIH), ambazo ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu. Kwa hiyo ukurasa wa sifa za mwombaji usomwe kabla ya kitu kingine chochote: uraia, umri (maabara nyingi hazimruhusu aliye chini ya miaka 16 au 18 kugusa kemikali) na kidato. Tena jihadhari na programu zinazodai maelfu ya dola huku zikitumia majengo ya chuo maarufu. Kukodi ukumbi wa chuo hakuifanyi programu kuwa ya chuo hicho.

Insha ndiyo inayowaangusha wengi, na huwaangusha kwa jinsi moja. Mwombaji anaandika kwamba amependa sayansi tangu utotoni, kwamba ana bidii, kwamba ndoto yake ni kuisaidia jamii. Yote yanaweza kuwa kweli, lakini msomaji aliyekwisha soma insha mia moja za aina hiyo habaki na chochote cha kumkumbuka nacho. Chukua sasa mwombaji wa pili, anayeishi pwani na kuona mchicha wa nyumbani unadumaa. Anaandika kwamba aliyashuku maji ya kisima kwa chumvi yake, akapanda mbegu kwenye vikopo, nusu akivimwagilia maji ya kisima na nusu maji ya mvua. Mbegu za maji ya kisima ziliota chache. Kisha akagundua kwamba vikopo hivyo ndivyo vilivyokuwa dirishani, kwenye jua kali, kwa hiyo hakuweza kujua kosa ni la chumvi au la jua. Akavichanganya mahali, akarudia. Matokeo ya mara ya pili yalikuwa na tofauti ndogo zaidi, naye anasema hivyo bila kuficha.

Huyu wa pili hana maabara wala kipimo cha chumvi, lakini ameonyesha kitu ambacho mtafiti anakitafuta kwa mgeni atakayekaa naye wiki sita: kwamba anaweza kulitilia shaka jibu lake mwenyewe. Mbinu za maabara atafundishwa. Tabia hiyo ni vigumu kuifundisha kwa wiki sita. Andika basi swali lako, ulilolifanya, lililokwama na ulilobadilisha. Maneno makubwa yaache.

Barua ya mwalimu ina mtego wake. Kwetu mwalimu akitaka kumsifu mwanafunzi huandika kwamba ana nidhamu, anawahi darasani, anaheshimu wakubwa. Ni sifa za kweli, ila kwa msomaji wa Marekani barua ya hivyo haisemi lolote kuhusu kichwa cha mtoto. Yeye anasubiri tukio: siku mwanafunzi alipouliza kwa nini majibu ya titresheni ya meza yake hayalingani na ya meza ya jirani, na alichofanya baada ya hapo. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi sitini hawezi kuyakumbuka yote. Mwandikie ukurasa mmoja wa kumkumbusha majaribio uliyofanya na maswali uliyomuuliza, umpelekee kwa adabu, na umpe wiki tatu au nne. Huko siyo kumfundisha kazi. Walimu wengi hushukuru.

Research Science Institute huchukua wanafunzi takriban 100 tu kutoka dunia nzima, kwa hiyo kukataliwa ndiyo hali ya kawaida hata kwa mwombaji mzuri. Jaribio la mchicha halipotei kwa barua ya kukataliwa. Linaweza kupelekwa Young Scientists Tanzania, mashindano ya sayansi ya shule yaliyoanzishwa mwaka 2011, au kwenye mashindano ya sayansi ya shule za Kenya. Watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome mjini Kilifi, Kenya, nao wamekuwa na utaratibu wa kuwaweka wahitimu wa kidato cha nne wa eneo hilo katika idara zao, wakae na wanasayansi kazini. Binafsi ningependa kila kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kifanye hivyo, maana viza na nauli ya ndege vinawafungia nje vijana wengi kuliko uwezo wa akili.

Kuhusu muda: maombi mengi ya Marekani hufungwa kati ya Desemba na Machi, na Desemba shule zetu zimefungwa, mwalimu yuko kwao na ofisi ya kutoa nakala za matokeo ina kufuli. Mwendee mwalimu wako Septemba.