Tuandike sheria za bao mbele wazee waende

Ndugu wachimbaji, bao ni vita ya mbegu: mashimo 32, mbegu 64, kila mtu na jeshi lake la mbegu 32. Jirani zetu wa Rwanda wanaliita igisoro, Uganda omweso. Juni 2000 majeshi ya nchi hizo yalipigana hapa Kisangani siku 6, kwa bunduki za kweli. Watu walikimbia, vitu vilipotea.

Ubao utachongwa upya. Sheria je? Mwaka 1977 Philip Townshend aliandika juu ya michezo hii ya Zaïre, kwa Kifaransa. Lakini namna ya kijiji chako iko kichwani mwa mzee tu. Siye tunajua: makubaliano bila karatasi, patron anayakana. Basi jioni kamata kaye, kaa na mzee, uandike: mbegu zinapandwa wapi, zinakamatwa lini, nani ameshinda.