Kwa nini mwaka wa kwanza wa uhandisi huwalemea wengi

KIJANA wa Majengo, mjini Nyeri, anayejiunga na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2012, hutarajia kushika mashine mara moja. Badala yake hulakiwa na hisabati, fizikia na uchoraji wa kihandisi. Uchoraji ndio huwatatiza wengi: kifaa kimoja huchorwa kinavyoonekana kutoka mbele, juu na ubavuni, vipimo vikilingana, ilhali shule nyingi za upili hazifundishi somo hilo. Aliyezoea kufaulu kwa kukariri hushtuka. Shahada ni ya miaka 5, na anayeanguka hisabati mwanzoni huandamwa nayo, kwani masomo ya mitambo na umeme huegemea hesabu hizo hizo. Mhadhiri huendewa mapema, si wiki ya mtihani.