Sanamu ya Gavana Uwanjani Vicksburg

Neno 'gavana' lina sura mbili katika Kiswahili cha Kenya. Wazee wetu walilijua kuwa cheo cha mtawala aliyeletwa na Mwingereza. Vijana wanalijua kuwa cheo cha kiongozi wa kaunti, anayechaguliwa kwa kura tangu mwaka 2013. Marekani neno hilo lina sura ya tatu: mkuu wa jimbo ambaye wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861-1865) aliandikisha askari, akawavisha na kuwatafutia silaha. Anayetaka kuiona sura hiyo na afike Vicksburg, jimboni Mississippi.

Mji huo ulizingirwa na majeshi ya Jenerali Ulysses Grant tangu Mei 1863. Wakazi walichimba mapango vilimani wakajificha mizinga, na chakula kilipoadimika wakala nyama ya baghala. Tarehe 4 Julai Jenerali Pemberton alisalimu amri pamoja na askari wapatao 29,000. Mwaka 1899 uwanja huo ulifanywa hifadhi ya taifa, na leo una minara, sanamu na alama zaidi ya 1,300. Miongoni mwazo ni sanamu ya shaba ya Oliver P. Morton, gavana wa Indiana, iliyozinduliwa mwaka 1926.

Morton hakuongoza kikosi chochote hapo. Jimbo jirani la Illinois lilijenga hekalu mwaka 1906, likaandika ndani yake majina ya askari wake 36,325 waliohudumu katika kampeni ile. Indiana nayo, ingawa vikosi vyake vina alama zao uwanjani, ilichagua mwanasiasa kuwa sura ya jimbo zima. Tena huyu hakuwa amesahaulika: tayari alikuwa na sanamu katika jengo la Bunge mjini Washington, na nyingine Indianapolis.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaodai kwamba heshima hiyo iliibwa kutoka kwa askari. Jeshi lisilo na viatu, risasi wala tabibu halizingiri mji. Morton alianzisha karakana ya risasi Indianapolis, akapeleka madaktari na mahitaji hadi kambini, hata akaitwa rafiki wa askari. Kama sanamu ni malipo ya kazi, basi alistahili.

Linalonikera ni jingine. Katika uchaguzi wa 1862 wapinzani wake, Wademokrati, walipata wingi katika Bunge la jimbo. Mapema mwaka 1863 walitaka kumpokonya mamlaka juu ya majeshi ya jimbo. Wabunge wa chama chake, kwa ridhaa yake, wakatoka nje ili idadi isitimie, na Bunge likavunjika bila kupitisha bajeti. Gavana hakuliita tena. Kwa takriban miaka miwili aliendesha serikali kwa fedha za kukopa: nyingine kutoka Wizara ya Vita, nyingine kutoka kwa watu binafsi, akiwemo mwenye benki James Lanier wa New York, aliyelipia riba ya deni la jimbo. Fedha zilitunzwa katika kasha ofisini mwake. Je, huyo ni mlinzi wa taifa au mvunjaji wa katiba? Watetezi wake husema dharura ilimlazimu, na huenda ni kweli; lakini dharura ni neno ambalo kila mtawala hulipenda. Mwalimu anayefundisha historia au uraia atapata hapa mjadala wa somo zima, maana shaba haisemi lolote kuhusu lile kasha.

Wala haisemi kwamba mwaka 1865, katika hotuba yake mjini Richmond, Indiana, Morton alipinga Weusi waliotoka utumwani kupewa kura mara moja, na kwamba baadaye, akiwa Seneta, alipigania Marekebisho ya Kumi na Tano ya katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1870, yakikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake.

Askari Weusi nao walipigana karibu na hapo, Milliken's Bend, tarehe 7 Juni 1863, wengi wao wakiwa wametoka utumwani majuma machache tu kabla. Mnara wao uliwekwa Vicksburg mwaka 2004: askari wawili, mmoja amejeruhiwa, akishikiliwa na mwenzake na mfanyakazi wa shambani. Tangu sanamu ya Gavana izinduliwe ilikuwa imepita miaka 78.