Pasti Pepa Unazo, Lakini Unazitumiaje? Sayansi ya Kujiandaa na Hesabu za Kidato cha Nne

Kama unasoma kidato cha nne huku Mbezi Luis, au una mdogo wako anayejiandaa na mtihani wa Novemba, pasti pepa za hesabu si tatizo. Steshenari wanatoa kopi, na kwenye magrupu ya WhatsApp zinazunguka kila siku. Lakini mwaka 2023, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne alifaulu Hisabati. Kwa hiyo tuulize swali lingine: pepa hizo zinatumikaje?

Wengi wetu tunafanya hivi: tunafungua swali, tunaangalia majibu pembeni, tunasema "aah, hii naijua", tunaendelea. Ubongo unakudanganya hapo. Kutambua njia ukiiona siyo sawa na kuitoa mwenyewe kichwani.

Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani walilipima jambo hili kwa wanafunzi waliosoma makala fupi. Kundi moja lilirudia kusoma, lingine lilijipima bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka 56%, wenzao 42%. Mtihani wa Novemba haukusubiri dakika 5.

Kuna la pili: changanya mada. Mwaka 2007 Rohrer na Taylor waliwapa wanafunzi maswali ya ujazo wa maumbo. Waliofanya aina moja baada ya nyingine walipata 89% wakati wa mazoezi, waliochanganya 60%. Wiki moja baadaye mambo yakageuka: 20% kwa 63%! Sababu ni rahisi. Ukifanya maswali 20 ya Pythagoras mfululizo, hujifunzi kuchagua njia, maana unaijua tayari. Kwenye mtihani swali la ngazi iliyoegemea ukuta haliji na kichwa cha habari. Wewe ndiye unaamua kama ni Pythagoras au ni sine.

Sasa kalkuleta. Kwa Hisabati ya kidato cha nne hairuhusiwi kabisa. Unaruhusiwa kitabu cha majedwali ya NECTA, kile tunachokiita fofiga. Kalkuleta isiyo ya kuprogramu utakutana nayo kwenye Advansi kidato cha sita. Kenya, kwenye KCSE, wenzetu wanaitumia. Kwa hiyo ukizoea kukokotoa kwa simu, unafanyia mazoezi mtihani wa watu wengine.

Chukua 34.5 × 2.17. Kwenye fofiga, logi ya 34.5 ni 1.5378 na ya 2.17 ni 0.3365. Jumla 1.8743, na antilogi yake ni 74.87. Kabla ya kuandika jibu, kadiria: 35 mara 2 ni 70. Kama ulipata 748.7, umekosea ile namba nzima ya mbele. Baada ya hapo ndipo ushike kalkuleta, kuhakiki tu.

Basi kaa na pepa kama ilivyo. Saa 3, maswali 14, yote ya lazima: sehemu A maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali 4 ya alama 10. Ukitumia dakika 10 kwa kila swali la A na 17 kwa kila la B, zinabaki dakika 12 za kukagua. Simu weka chumba kingine.

Ukimaliza, sahihisha kwa kalamu nyekundu na uandike kosa ni la aina gani: sikujua njia, nilichagua njia isiyo sahihi, au nimekosea kukokotoa. Kila moja lina dawa yake: la kwanza linakurudisha kwenye daftari, la pili kwenye maswali mchanganyiko, la tatu kwenye fofiga. Kisha rudia swali lile lile baada ya wiki bila kuangalia. NECTA pia hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwenye tovuti yao, bure, zikionyesha wengi walikosea wapi.

Na kwa mwenye hofu: alama D inaanzia 30. Hayo ni maswali 5 ya sehemu A yaliyokamilika. Anza kwa kutafuta matano yako, halafu uongeze la sita.