Motokari za Akina Patterson wa Greenfield

Twajua ya kuwa wengi wenu, mkisikia habari za motokari za Marekani, hulikumbuka kwanza jina la Ford. Lakini hapo mwanzo watengenezaji wa motokari katika nchi ile walikuwa wengi mno, na karibu wote wametoweka. Leo twataka kuwasimulia habari za jamaa moja ya watu weusi, waliofanya kazi hiyo katika mji mdogo wa Greenfield, jimbo la Ohio.

Charles Richard Patterson alizaliwa utumwani, katika jimbo la Virginia, mwaka 1833. Huko Greenfield akawa mhunzi, kisha fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Kazi hiyo si ya mchezo. Gurudumu la mti huvikwa pete ya chuma ingali moto, ipate kubana inapopoa. Nayo rangi hupakwa mara nyingi, na kila mara hungojwa ikauke. Mwaka 1873 alishirikiana na mzungu mmoja, J. P. Lowe, na mwaka 1893 akalinunua fungu la mwenzake. Tangu hapo karakana ikaitwa C. R. Patterson na Wana, na ndani yake weusi na weupe walifanya kazi pamoja, jambo ambalo siku zile halikuonekana kila mahali.

Mwanawe Frederick alisoma katika Chuo Kikuu cha Ohio State, na mwaka 1891 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchezea timu ya chuo hicho katika mpira wa Kimarekani. Baadaye akawa mwalimu, kisha akaiacha kazi hiyo, akarudi kumsaidia baba yake. Mzee alipofariki mwaka 1910, mzigo wote ukawa wa Frederick, nayo magari ya farasi yalikuwa yakizidi kupungua njiani. Afanyeje? Kwanza karakana ilipokea motokari za watu wengine, ikazitengeneza na kuzipaka rangi. Mafundi wakazijua vema. Ndipo tarehe 23 Septemba 1915 ikatoka motokari yao wenyewe, Patterson-Greenfield, yenye injini ya silinda 4 na taa za umeme. Bei yake ilikuwa dola 850.

Hapo ndipo penye taabu. Tangu mwaka 1913, katika kiwanda cha Ford karibu na Detroit, motokari ilikuwa ikipitishwa mbele ya wafanya kazi, kila mtu akifunga kitu kimoja tu. Kazi ya kuunganisha chasi, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, mwaka 1914 ilikwisha kwa saa moja na nusu hivi. Mwaka 1916 motokari ya Ford ya watu watano iliuzwa dola 360. Ninyi wanafunzi, pigeni hesabu: kwa bei ya moja ya Greenfield mtu aliweza kununua mbili za Ford, akabakiwa na dola 130. Mkono wa fundi, hata uwe hodari namna gani, ungewezaje kushindana na hayo?

Motokari za Patterson zilizouzwa zilikuwa chache. Wengine husema 30, wengine hufikisha 150. Baada ya miaka mitatu hivi Frederick aliacha kuziunda. Sisi twaona alifanya kwa akili, maana hakuifunga karakana. Alianza kuunda bodi za mabasi na za malori, akiziweka juu ya chasi zilizonunuliwa kwa wengine, hata za Ford mwenyewe, na watoto wengi wa Ohio walipelekwa shuleni katika mabasi hayo.

Frederick alifariki mwaka 1932, wakati wa dhiki kuu ya fedha, na mwaka 1939 kazi ikafungwa. Magari kadhaa ya farasi yaliyotoka katika karakana ile yangaliko hata leo. Motokari za Patterson-Greenfield, hakuna hata moja inayojulikana kusalia.