Maumivu ya Kifua: Msingoje Kupambazuke

Mara ngapi katika nyumba zetu mtu hubanwa na kifua usiku, akaambiwa ni riahi, akapewa maji ya tangawizi na kulazwa hadi alfajiri? Huenda kweli ni riahi. Lakini ikiwa ni mshtuko wa moyo, damu imeganda katika mshipa unaoulisha moyo, na kila dakika ya kungoja sehemu ya moyo inakufa.

Dawa za mapema zipo. Mwaka 1988 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na maradhi haya, katika hospitali 417 za nchi 16. Katika kila 100 wasiopewa dawa hizo, 13 walifariki ndani ya wiki 5. Kati ya waliopewa aspirini pamoja na streptokinasi, iyeyushayo damu iliyoganda, walifariki 8. Dawa ya kuyeyusha damu hutolewa hospitalini, baada ya kupimwa umeme wa moyo, na hufaa zaidi katika saa za mwanzo.

Jamaa zetu wa Nairobi huzipoteza saa hizo njiani. Atokaye Kangemi kwa Waiyaki Way, au Dagoretti kwa Ngong Road, aijua foleni ya kuelekea mjini. Basi ulizeni leo, hali mko wazima: hospitali gani ya karibu ina kipimo hicho na dawa hiyo usiku na mchana? Nambari ya gari la wagonjwa ibandikwe ukutani.

Enyi kina mama, dalili zenu huenda zikawa maumivu ya taya au mgongo, pumzi kukatika, kichefuchefu, jasho la baridi au uchovu usio wa kawaida. Msingoje mume arudi. Daktari wa kike asipopatikana, wa kiume atatosha. Dharura ina hukumu yake. Aliyefunga na afungue, atalipa siku nyingine.

Pigeni simu kwanza. Mhudumu akiagiza aspirini, mgonjwa aitafune, asiimeze nzima. Mwambieni ikiwa dawa hiyo humdhuru mgonjwa, au ana pumu, vidonda vya tumbo au hutokwa na damu. Kisha safari iendelee, hata maumivu yakipoa.

Kutawakali hakuondoi wajibu wa kushika sababu. Allah atuhifadhi sote. Amin.